Jinsi ya Kuharibu Datsun Nzuri kwa Springi za Bei Ghali

Hongera kwa kununua gari. Datsun 240Z iliyopitia mikononi mwa wamiliki sita, kila mmoja akiapa kwamba ndiyo ile iliyokimbia mbio za magari za Safari za 1971, si mali ya mtu mnyonge. Mwaka huo Edgar Herrmann alishinda kwa 240Z, Shekhar Mehta akawa wa pili kwa nyingine ya aina hiyo hiyo, na kwa hesabu ya wauzaji wa Nairobi magari hayo mawili yamezaana sana tangu siku ile.

Sasa unataka kuingia kwenye mashindano ya Safari ya magari ya zamani, yaliyoanzishwa mwaka 2003, miaka 50 baada ya Safari ya kwanza. Injini inanguruma, rangi imepakwa, stika zimebandikwa. Kilichobaki ni miguu ya gari: springi, shokapu, bushi, na vyuma vinavyoshikilia magurudumu. Hapa ndipo watu wengi hubahatisha wakaishia na kitu kinachofanya kazi. Mwongozo huu umeandikwa ili jambo hilo lisikupate.

Hatua ya 1: Anza na rangi

Shokapu huchaguliwa kwa macho. Njano inapendeza nyuma ya rimu nyeusi, dhahabu inatoka vizuri kwenye picha, na bluu nayo ina mashabiki wake. Ukifika dukani Kirinyaga Road usiulize ndani mna nini. Muuzaji akisema, "Hii ni orijino boss, eks-Japani," mlipe kabla hajabadilisha kauli.

Kuna wasumbufu watakaokueleza kwamba kazi ya shokapu ni kugeuza mtikisiko kuwa joto. Springi hupokea pigo, shokapu huizuia isiendelee kurukaruka, na nguvu yote iliyozuiwa huishia kwenye oili. Kwenye lami oili hupata muda wa kupoa. Kwenye kilomita 80 za moramu bila kupumzika, inachemka, inachanganyika na hewa, inatoa povu, na shokapu ya bei ya ng'ombe wawili inabaki na kazi ya pampu ya baiskeli. Ndiyo maana shokapu nyingi za mashindano huwa za bomba moja, zenye gesi iliyobanwa upande wa pili wa pistoni inayoelea, ili oili ikose nafasi ya kutoa povu. Nyingine zina kopo la pembeni linaloongeza oili na kusaidia kuipoza.

Watakwambia pia upime unene wa fimbo ya pistoni. Datsun 240Z ina strati mbele na nyuma, yaani shokapu na springi zilizounganishwa kuwa mguu mmoja, na kwenye strati ile fimbo haizuii springi tu. Inashikilia pia gurudumu lisilale upande. Ikiwa nyembamba, inapinda. Wasikilize kwa heshima, kisha uulize kama ipo ya dhahabu.

Hatua ya 2: Usilipime gari

Springi huchaguliwa kwa uzito, na uzito hujulikana kwa mizani. Mizani huaibisha. Bora utumie kile kitabu cha kiwandani, kinachosema 240Z ina uzito wa zaidi kidogo ya tani moja.

Gari linaloandikwa humo ni gari la kwenda ofisini. Lako lina watu wawili wenye helmeti, tangi kubwa la mafuta, matairi mawili ya akiba, jeki, koleo, maji, bamba la chuma chini ya injini, nguzo za usalama ndani ya bodi, taa za ziada, na sanduku la spana ambalo fundi hataki kuliacha. Sehemu kubwa ya mzigo huo hukaa nyuma. Mtu anayetaka kumaliza mashindano hulijaza gari kila kitu, pamoja na watu walioketi, kisha hupima kila kona peke yake kwa sababu kulia na kushoto havilingani. Anayepima gari tupu hununua springi za gari ambalo halipo.

Njia ya mkato ni kunakili springi za rafiki mwenye Porsche 911. Ni kweli kwamba injini ya gari hilo imekaa nyuma ya ekseli ya nyuma, na kwamba 911 za zamani hazikutoka kiwandani na koili bali na fimbo za chuma zinazosokotwa. Lakini rafiki ni rafiki.

Hatua ya 3: Kadiri springi inavyokuwa ngumu, ndivyo ilivyo bora

Springi ngumu ni ya mwanamume. Gari halilali kwenye kona, halizami puani ukifunga breki, na ukilisukuma kwa mkono mbele ya watu halitikisiki. Watu hupenda sana kusukuma gari kwa mkono. Tayarisha springi zako kwa ajili yao.

Mwenye kupenda hesabu atakuharibia starehe hii. Atasema: tuchukue kwamba kila kona inabeba kilo 260, tukishaondoa uzito wa gurudumu, breki na vyuma vinavyopanda na kushuka nalo. Weka springi inayohitaji kilo 4 ili ibonyee milimita 1. Gari likisimama, springi imebonyea milimita 65, na bodi ikitikiswa hupanda na kushuka karibu mara mbili kwa sekunde. Zile milimita 65 ndizo akiba ya gurudumu: likikuta shimo, springi inaweza kulisukuma chini kwa kiasi hicho kabla haijalegea. Sasa weka springi ya kilo 8 kwa milimita. Akiba imebaki milimita 32. Shimo la kina cha sentimita sita likitokea, springi inalegea kwenye kikalio chake, gurudumu linaning'inia, na tairi lililonunuliwa kwa mkopo halishiki kitu.

Hapo ndipo penye siri ambayo mwongozo huu ungependa isitoke nje. Mtazamaji huona gari limesimama juu kiasi gani. Barabara hupima gurudumu linaweza kupanda kiasi gani na kushuka kiasi gani. Kupanda kila mtu anakukumbuka, kwa sababu ndiko kunakogonga. Kushuka hakupigi kelele, kwa hiyo hakununuliwi.

Usiruhusu historia ikuvuruge. Kwenye Safari ya mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93 yakamaliza 7 vilevile. Mara zote mbili aliyeshinda ni Nick Nowicki akiwa na Paddy Cliff ndani ya Peugeot 404, gari la familia lenye springi laini za koili na magurudumu yanayoshuka mbali. Kati ya miaka hiyo, Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alishinda mara mbili, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404. Ni wazi kwamba watu hao wote hawakusukumiwa gari kwa mkono na mtu anayejua.

Hatua ya 4: Springi ikizidi, kata

Springi zimefika, ni ndefu, na gari limekaa kama swala anayetaka kuruka. Usizirudishe dukani. Mwite fundi mwenye moto wa gesi akate koili mbili.

Springi yenye koili nane zinazofanya kazi, ukiiacha na sita, inakuwa ngumu zaidi kwa theluthi moja. Umepata ugumu wa bure. Moto nao umelainisha chuma pale ulipopita, kwa hiyo mahali hapo pataanza kuchoka mapema, na ncha iliyokatwa haikai sawa kwenye kikalio. Gurudumu likining'inia, springi inahama; likirudi, inakaa inapotaka.

Baadaye utagundua gari limekuwa chini mno. Mwambie fundi huyo huyo aweke spesa ya chuma juu ya springi ili liinuke tena. Umelipa mara mbili, gari limerudi kwenye kimo cha mwanzo, na miguu imekuwa migumu kuliko ilivyokuwa. Hilo ndilo linaloitwa maendeleo ya kiufundi.

Hatua ya 5: Inua mpaka watoto washangilie

Gari la Safari lazima liwe juu. Hili halina ubishi. Porsche ilipoleta 911 SC mwaka 1978, zilikuwa zimeinuliwa mpaka watu wakazishangaa. Vic Preston Jr. alimaliza wa pili na Björn Waldegård wa nne. Aliyeshinda ni Jean-Pierre Nicolas kwa Peugeot 504 V6, lakini sisi tunaangalia picha, hatuangalii matokeo.

Inua tu, usibadilishe kitu kingine. Utapata zawadi tatu. Kwanza, fimbo za usukani zitakaa mshazari, na kila gurudumu litakapopanda au kushuka litageuka kidogo lenyewe, bila wewe kugusa usukani. Utaendesha Taita nzima ukisahihisha kona ambazo hukuzianzisha. Pili, shafti za kuzungusha magurudumu ya nyuma zitafanya kazi kwa pembe kali, na viungo vyake vitakujulisha kwa mlio. Tatu, shokapu itakuwa imekwisha kunyooka karibu yote gari likiwa limesimama. Ukiruka tuta, magurudumu yanaanguka na shokapu inayazuia kwa ncha ya fimbo yake, mpaka siku nati ya juu itakapokataa.

Wanaofuata kanuni huinua gari pamoja na kuhamisha viungo vya usukani na vya mikono ya chini ili pembe zirudi zilipokuwa. Huchagua shokapu ndefu inayoafiki kimo kipya. Hufunga mikanda imara inayozuia gurudumu lisishuke kupita kiasi, ili mkanda ndio uvutike, fimbo isivutike. Tena hufanya haya yote baada ya kusoma kanuni za mashindano, maana sheria za FIA za magari ya kihistoria, zile za Kiambatisho K, hutaka gari liandaliwe kwa vipimo vya enzi zake, na hata mashindano yenye sheria nyepesi yana mkaguzi mwenye tochi. Ni watu wasio na shughuli.

Hatua ya 6: Zungusha vifundo mpaka mwisho

Shokapu ya ghali ina vifundo vya kurekebisha. Kama vifundo vipo, vimewekwa ili vizungushwe, na kwa kuwa umelipia vyote, zungusha vyote, mpaka mwisho, siku moja. Usiandike ulichofanya.

Kifundo cha kubana huamua gurudumu linavyopanda, na cha kurudi huamua linavyoshuka. Kwa kawaida upande wa kurudi huwa na nguvu zaidi, mara mbili hata tatu, kwa kuwa ndio unaoituliza springi iliyokwisha kushiba nguvu. Ukiuzidisha, gari linakuwa tulivu sana kwenye maegesho. Mambo hubadilika ukiingia kwenye moramu yenye mikunjo.

Chukua mikunjo iliyoachana kwa sentimita 75. Kwa kilomita 80 kwa saa gurudumu linapigwa karibu mara 30 kila sekunde. Shokapu inayochelewesha kurudi haimalizi kulishusha gurudumu kabla pigo la pili halijafika, nalo la tatu linalikuta juu zaidi. Gari linajizamisha lenyewe polepole mpaka likalie zile raba za mwisho zinazopokea pigo gurudumu linapofika kikomo. Hapo dereva hulaani springi kwamba ni laini, anaagiza ngumu zaidi, na mwongozo huu unaendelea kuuzika.

Madereva wa matatu wa njia za vumbi huijua nusu nyingine ya hesabu hii bila kalamu. Gurudumu na vyuma vyake vina mtikisiko wao wa asili, karibu mara 11 kwa sekunde. Kwenye mikunjo hiyo hiyo, mwendo unaolingana nao ni kilomita 30 kwa saa, na ndio mwendo unaong'oa meno. Ukikaza mpaka 80 gari linatulia. Wasichowaambia abiria ni kwamba limetulia kwa sababu tairi linapita juu ya vilele tu, kwa hiyo breki na usukani vimebaki kwa jina. Mtaalamu huhesabu vituo vya kifundo kuanzia kilipofungwa kabisa, hubadilisha kimoja kwa wakati mmoja, hupita kipande kile kile cha barabara, huandika. Inachosha hata kuieleza.

Hatua ya 7: Ng'oa raba zote

Bushi za raba ni za wazee. Weka viungo vya chuma vyenye kichwa cha duara kila mahali, au angalau plastiki ngumu. Gari litajibu usukani papo hapo, na utasikia kila kokoto ikijitambulisha.

Viungo vya chuma hupenda usafi, na Safari haina usafi. Lile vumbi laini la Naivasha na Amboseli huingia penye nafasi ya unywele, linachanganyika na grisi, na kiungo kinajisaga chenyewe. Visipovalishwa mifuko ya kuzuia vumbi vitalegea kabla stika hazijachubuka. Kuna pia ile fimbo inayounganisha mkono wa chini wa mbele na chesisi ya 240Z. Mkono unapopanda na kushuka, ncha ya fimbo hiyo inahitaji kuyumba kidogo ndani ya raba. Ikibanwa pande zote kwa plastiki ngumu, haiyumbi, inapindwa. Na chuma kinachopindwa kila sekunde huwa na mwisho unaojulikana. Wenye Datsun waliojifunza hili huacha raba angalau upande mmoja.

Hatua ya 8: Kaza kila kitu gari likiwa juu ya jeki

Fundi wa zamani atakusihi: "Mzee, hizi bushi tuzikaze gari likiwa chini." Mjibu kwamba una haraka.

Bushi ya raba iliyogandishwa kwenye bomba la chuma haizunguki, inajisokota. Ikikazwa magurudumu yakining'inia, gari likishushwa raba inaanza maisha ikiwa imesokotwa tayari. Itasukuma gari juu kwa kimo cha uongo siku za mwanzo, kisha itapasuka na kimo kitashuka, ukiwa ulishalipia alaimenti. Kushusha gari, kulitikisa mara kadhaa na kukaza bolti likiwa limebeba uzito wake huchukua nusu saa. Nusu saa hiyo unaweza kuitumia kupiga picha za shokapu kabla hazijashika vumbi.

Usimruhusu fundi huyo akague bodi pia. Ataanza kugonga pale juu strati inapofungwa, atapata kutu, na atataka kuchomelea bamba la kuimarisha. Strati hupeleka kila pigo mahali hapo. Shokapu imara kwenye bodi iliyooza haivunjiki, huvunja bodi. Lakini bamba la kuimarisha halina rangi ya dhahabu.

Hatua ya 9: Fanya majaribio kwenye lami

Chagua barabara mpya, usiku, isiyo na msongamano. Gari litaenda vizuri ajabu. Rudi nyumbani, tangaza kwamba liko tayari.

Wasioamini hutafuta kilomita tano za moramu mbaya, wanajaza gari mzigo wote, na kufunga kile kikanda chembamba cha plastiki kwenye fimbo ya kila shokapu, kikiwa kimesukumwa mpaka kwenye mwili wake. Wakirudi, kikanda kinaonyesha gurudumu lilipanda mpaka wapi. Kikibaki katikati baada ya barabara mbaya kuliko zote, springi ni ngumu mno. Kikifika mwisho katika kila shimo, ni laini mno au raba za mwisho hazifai. Kikifika mwisho mara moja moja tu, pale ambapo hata abiria alifumba macho, mambo ni mazuri. Kisha wanaweka mkono karibu na kila shokapu: ya baridi katikati ya tatu za moto haifanyi kazi. Wanakaza nati zote upya, na kesho wanarudia.

Dalili za kushindwa

Hata kwa mwongozo mzuri, wengine hushindwa kuharibu gari. Dalili zake ni hizi. Springi za mbele na za nyuma hazifanani rangi kwa sababu zilinunuliwa kwa vipimo. Gari limeinama nyuma likiwa na mzigo kamili, kwa kiasi kilichokusudiwa. Linapita kwenye mashimo bila kelele, na watazamaji wanamgeukia mwenzako anayeruka. Mwenye gari ana daftari chafu. Bajeti kubwa imeishia kwenye vitu visivyoonekana. Joginder Singh, akiwa na nduguye Jaswant, alikuwa na dalili za namna hii mwaka 1965, alipochukua Volvo PV544 lililokwisha kutumika na kushinda nalo Safari.

Ukiziona kwako, usijaribu kurekebisha; ugonjwa umeshakomaa. Liuze gari kwa mtu anayetaka kufika mwisho wa mashindano. Watu wa aina hiyo ni wachache, lakini hulipa taslimu, na hawaulizi rangi.